Jenereta limenitia aibu mbele ya wageni

Mi ni mlinzi wa gesti moja hapa Nkuhungu, Dodoma, na ukiacha kufungua geti kazi yangu ni moja tu, umeme ukikatika niwashe jenereta. Jenereta lenyewe sasa, kubwaaa, limejengewa kibanda kizuri kuliko chumba nilichopanga Chang'ombe. Juzi saa mbili usiku giza likashuka, gesti imejaa watu wa mikoani waliokuja kufuatilia mambo yao wizarani, nikaenda kifua mbele nikabonyeza. Tk-tk-tk-tk. Nikabonyeza tena, tk. Mara ya tatu hata hiyo tk ikaona uvivu.

Namba saba anapiga kelele dirishani, "Mlinzi, nina sabuni machoni huku!" Sasa mzee wangu, mi nije nikusuuze?

Na kilichoniuma ni ile taa ya kwenye paneli, ilikuwa inawaka vizuri tu siku zote, nikaona betri iko fiti. Kumbe kuwasha taa ndogo ni kitu kingine na kuzungusha stata, ile mota ya kuamsha injini, ni kitu kingine, stata inavuta umeme mwingi mno kwa mkupuo. Fundi alipokuja asubuhi akaweka mita, volti 11.6. Akasema betri iliyoshiba inasoma 12.6 hivi, ikifika 12 ishakuwa hoi, hii yenu inasubiri sanda. Vichwa vya betri navyo vimeota unga wa kijani, akafungua waya wa hasi kwanza halafu chanya, akamwagia maji ya moto akasugua na mswaki (mswaki wa nani msiniulize).

Bosi ashaanza kupiga hesabu ya betri mpya, uso umemvimba, ndo fundi akauliza, chaja yake iko wapi? Maana jenereta likikaa tu bila kazi ile paneli inaendelea kunyonya betri kidogo kidogo, kwa hiyo kuna kachaja kanatakiwa kakae kwenye soketi muda wote. Tukaangalia soketi. Imechomekwa feni.

Bosi akauliza nani kachomoa chaja. Nikasema labda panya.

Fundi akaitazama feni, akanitazama mi, "Panya gani huyu wa Dodoma anasikia joto hivi?"

Betri ikaenda kuchajiwa Majengo, imerudi nzima, jana jenereta limewaka mpigo mmoja. Chaja iko kwenye soketi yake. Mi najipepea na mfuniko wa ndoo.