Picha ya mtoto yule si ushahidi wa mnara

Jumamosi iliyopita tulikaa kikao cha kijiji chini ya mwembe, ajenda ikiwa mnara wa simu. Bwana mmoja akanyanyua simu yake na kuonyesha picha ya mtoto wa jirani yangu. Taya la kushoto limevimba, jicho limesukumwa juu, meno yamelegea. "Hii ndiyo kazi ya mnara," akasema. Watu wakaguna kwa uchungu, na mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, akaandika daftarini. Mama wa mtoto hakuwepo. Yuko hospitali ya Mulago, Kampala, na mwanawe. Sijui ni nani aliyemwomba ruhusa kabla picha ile haijaanza kuzunguka kutoka simu hadi simu.

Nimekaa na hasira tangu siku hiyo. Mimi ni fundi simu hapa Arua, mkoa wa West Nile, Uganda, mwaka wa 11 sasa, na simu ndizo zinazolisha nyumba yangu, kwa hiyo atakayesema natetea mkate wangu na aseme. Nilijaribu kusimama nikazomewa. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyotaka kuyasema.

Uvimbe ule wa taya ni saratani ya watoto, na haukuja West Nile na minara. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, aliuandikia mwaka 1958, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 alifunga safari ndefu kwa gari hadi kusini mwa Afrika, hospitali baada ya hospitali, kuuliza ni wapi watoto wanavimba hivyo na ni wapi hawavimbi. Mmoja wa wenzake wawili garini alikuwa Daktari Ted Williams wa Kuluva, hapa hapa nje ya mji wetu. Waliona kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua, nchi ileile inayopendwa na mbu wa malaria. Mwaka 1964 wanasayansi wa London wakaona virusi kwenye chembe za uvimbe uliopelekwa kutoka Uganda, virusi tunavyoviita leo Epstein-Barr. Miaka ya 1970 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, likaja kwetu West Nile likachukua damu ya watoto wapatao 42,000. Waliokuja kuugua baadaye walikutwa kwamba damu yao ilikuwa na kingamwili nyingi dhidi ya virusi hivyo hata kabla hawajavimba. Baadhi ya watoto hao waliotolewa damu leo ni watu wazima wenye wajukuu, na huenda mmoja wao alikuwa nasi pale chini ya mwembe. Kampuni za simu zilikuja baadaye: Celtel ilianza Uganda mwaka 1995, MTN mwaka 1998. Hesabu ifanye mwenyewe.

Kinachonichoma zaidi ni muda uliopotea. Uvimbe wa Burkitt unaweza kukua maradufu ndani ya siku mbili. Dawa zinauyeyusha, na Mulago wameutibu tangu miaka ya sitini, mradi mtoto afike mapema. Jirani yangu aliambiwa asubiri. Mnara ukizimwa, walimwambia, uvimbe utashuka wenyewe. Akaweka sahihi kwenye barua ya malalamiko, akanunua majani ya kukandia, akahamishia kitanda cha mtoto chumba cha upande wa pili. Wiki sita! Nesi wa kituo cha afya ndiye aliyemwona mtoto njiani, akamshika mama mkono na kumwambia apande basi la usiku huohuo. Mimi naishi nyumba ya tatu kutoka kwao. Nilikuwa naliona shavu lile kila jioni, nikadhani ni jino.

Sasa tuje kwenye mionzi yenyewe, maana kuna sauti inayozunguka WhatsApp ikisema minara inaleta saratani, nayo inaitaja IARC kama shahidi wake mkuu. Ni kweli, Mei 2011 IARC iliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi la 2B, yaani huenda yakasababisha saratani, ushahidi bado ni mdogo. Msemaji wa sauti ile amenyamazia makundi mengine. Moshi wa dizeli umo kundi la 1 tangu 2012: unasababisha saratani, hakuna "huenda". Moshi wa kuni jikoni umo 2A, juu ya simu. Makundi haya yanapima uzito wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari, hilo nalikubali. Hata hivyo, chini ya mnara wetu kuna jenereta la dizeli linalonguruma kila umeme unapokatika, na moshi wake unaingia moja kwa moja kwenye jiko la mama yule. Kikao kilichukua karibu saa tatu na hakuna mtu aliyetaja jenereta. Hilo tungeweza kulidai kesho asubuhi: sola, betri, bomba la moshi lipandishwe juu. Tungeshinda.

Jambo lingine nalijua kwa mikono yangu. Wateja wangu wanaotoka upande wa Vurra, kule ambako simu inadaka mtandao wa Kongo bila kuulizwa, wanakuja na lalamiko moja: betri inakwisha kabla ya adhuhuri na simu ina moto mfukoni. Wanadhani nimewauzia betri feki. Betri ni nzima. Simu iliyo mbali na mnara inapaza sauti ili isikike, na ikiwa karibu inanong'ona. Kitochi cha 2G kinaweza kurusha hadi wati 2 kwa kishindo kimoja kinapotafuta mnara wa mbali, na kinajipunguza chenyewe mara nyingi sana mtandao ukiwa mzuri. Mionzi mingi inayoingia kichwani mwako inatoka kwenye kifaa ulichokibana sikioni, wala haitoki kwenye mnara ulio ng'ambo ya uwanja. Ng'oa mnara, na kila sikio la kijiji hiki litabanwa na simu inayopiga kelele. Stika za kuzuia mionzi zinazouzwa stendi ni wizi mtupu: zikiziba antena, simu inaongeza nguvu.

Lakini siwalaumu majirani zangu peke yao, na hapa ndipo hasira yangu inapogeuka upande wa pili. Kwenye geti la mnara wetu kuna ubao. Umeandikwa usipande, hatari, halafu namba ya simu. Nilipiga namba hiyo mara tatu kabla ya kikao, nikauliza swali moja: mawimbi yanayofika kwenye darasa la shule iliyo jirani ni kiasi gani? Mara ya kwanza sikujibiwa, mara ya pili nikaambiwa mhusika hayupo, mara ya tatu nikaambiwa niandike barua pepe. Niliandika. Ni wiki ya tano hii.

Kipimo hicho si siri ya jeshi. Kikomo kinachofuatwa katika nchi nyingi kwa mawimbi ya megahezi 900 ni wati 4.5 kwa mita mraba kwa raia wa kawaida. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2006 kwamba vipimo karibu na minara vilikuwa kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya vikomo vya kimataifa. Asilimia mbili kwa wingi wake! Kama wetu uko humo, kwa nini tarakimu hiyo haijapakwa rangi getini, kwa Kiswahili na Kilugbara, pamoja na tarehe na jina la aliyepima? Fundi mwenye kifaa anamaliza kazi hiyo kabla ya chai ya saa nne. Mzee wa miaka sabini anaelewa kikomo ni mia, hapa kwenu ni moja. Anayejua akikaa kimya, mwongo ndiye anayesikika, na mtoto wa mtu analala nyumbani wiki sita.

Tazameni Ufaransa. Septemba 2023 wakala wao wa masafa, ANFR, ilichukua iPhone 12 ikaipima yenyewe, ikapata wati 5.74 kwa kilo, yaani nguvu inayomezwa na kila kilo ya mwili, pale simu inaposhikwa mkononi, wakati kikomo cha mkononi ni 4. Ikazuia isiuzwe mpaka Apple ikarekebisha programu. Simu ya kampuni tajiri kuliko nchi nyingi ilirekebishwa kwa sababu mtu wa serikali alipima na akasema alichokipata. Wafaransa hawakufa kwa kuambiwa namba. Nasi tuambiwe za simu tunazonunua hapa sokoni. Kwenye simu nyingi ukibonyeza *#07# utaziona, kichwani na mwilini, na kikomo cha Ulaya ni wati 2 kwa kilo, cha Marekani 1.6. Katika wateja wangu mia, sijui kama wawili wanajua.

Wanaotaka tahadhari zaidi si wajinga, nasema hili kwa shingo upande. Vikomo vimejengwa juu ya joto: wati 4 kwa kilo mwili mzima ndipo madhara yalipoonekana kwa wanyama, wakagawanya kwa 50 kwa ajili ya raia. Utafiti wa serikali ya Marekani uliotoka 2018 ulikuta uvimbe wa moyo kwa panya dume waliopigwa mawimbi makali saa tisa kwa siku kwa miaka miwili. Upande wa pili, mapitio yaliyofanywa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2024, tafiti 63, hayakuona uhusiano wa simu na saratani ya ubongo. Mimi binti yangu namwambia atumie spika au waya wa masikioni, asilale na simu chini ya mto. Haigharimu kitu.

Jana usiku mama yule alinipigia kutoka Mulago. Wamemaliza duru ya kwanza ya dawa, na jicho limeanza kurudi mahali pake. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, mtoto anataka kuongea na wenzake wa huko nyumbani. Nimpe simu, au itamrudishia uvimbe?"

Nikamwambia, mama, weka spika, mpe aongee mpaka chaji iishe.