Mto Rufiji sasa una milango, na wa chini waambiwe inafunguliwa lini

Mjomba wangu hupima ardhi kwa kisigino. Maji ya Rufiji yakishapungua hushuka bondeni miguu mitupu na kukanyaga tope jeusi kwa uzito wake wote. Kisigino kikizama, anarudi nyumbani, bado mapema. Kikiacha alama isiyojaa maji, kesho yake alfajiri anabeba jembe na mbegu. Hayo ndiyo mahindi ya mlau. Hayangoji mvua wala mbolea ya dukani, yanaota kwa unyevu na rutuba iliyoachwa na mto. Mtoto wa Utete au Ikwiriri hahitaji kuelezwa mlau ni nini. Sisi tuliohamia mjini ndio tunaosahau.

Nimeanza na mjomba kwa sababu kila mazungumzo ninayoyasikia kuhusu Bwawa la Julius Nyerere, bwawa la umeme lililojengwa kwenye mto huu juu yetu, huanza na megawati 2,115 na kuishia hapo hapo. Mimi si mpinzani wa bwawa. Mgawo wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023 ulinikuta Dar es Salaam kama ulivyowakuta wengine, na mtambo wa kwanza ulipoanza kuzalisha mwanzoni mwa 2024 nilifurahi kwa dhati. Mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, yote ikatimia mwaka 2025. Mradi huu ulizungumzwa tangu enzi za Mwalimu, RUBADA, mamlaka ya kuendeleza bonde hili, ikaundwa mwaka 1975, na mkataba na wakandarasi wa Misri haukusainiwa hadi Desemba 2018. Kuukamilisha ni jambo la kujivunia, nami najivunia.

Ila tarehe ninayoirudia kichwani ni 22 Desemba 2022, siku Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua ujazaji wa maji. Siku ile mto ulipata milango. Kabla yake Rufiji ilipanda na kushuka kadiri mito ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu inayoilisha ilivyoleta. Sasa nyuma ya ukuta kuna ziwa la zaidi ya mita za ujazo bilioni 30, na kuna watu wanaoamua leo yatoke kiasi gani.

Uamuzi huo unamfikia mkulima wa mpunga kabla ya mtu mwingine yeyote. Huku chini mpunga husiwa na mvua za mwanzo. Maji ya mto yakija umekwishasimama, tena yakipanda polepole, mpunga nao hupanda, na mwenye shamba anahamia kwenye dungu lake juu ya nguzo kuwinga ndege. Yakija kwa kishindo ungali mchanga, umezama wote. Yasipokuja kabisa, maziwa ya bondeni kama Ruwe na Zumbi hayapati maji mapya, samaki hawaingii kuzaliana, na mjomba hana tope la kukanyaga. Kwa hiyo mafuriko ya Rufiji si kitu kimoja. Yapo yanayolisha na yapo yanayoua, na tofauti yake mara nyingi ni majuma machache tu.

Mitambo kwa asili yake inataka maji ya kiasi kilekile mwaka mzima. Maana yake mto unashuka wakati wa masika na kupanda wakati wa kiangazi, kinyume na mazoea ya kila kiumbe cha huku. Tope nalo linatua ziwani. Maji yanayotoka yakiwa yameacha mzigo wake nyuma hula kingo za mto, na kule delta, kwenye msitu wa mikoko ambao ni mkubwa kuliko mwingine wowote katika pwani ya Afrika Mashariki, kambamti wanategemea maji baridi na rutuba hiyo hiyo. Maji baridi yakipungua, bahari inasogea na chumvi yake hadi mashambani.

Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilifurika vibaya. Serikali ilieleza kwamba mvua za El Niño zilizidi mno na kwamba bwawa lilipunguza makali. Watu wengi wa bondeni walilaumu bwawa. Siingii katika ubishi huo. Ninachokiona ni kwamba watu wenye milango juu yao na wasioijua ratiba yake wataihofia kila mvua itakaponyesha, hata milango ikiwa haina kosa.

Ninachoomba kinawezekana. Afrika Kusini, chini ya bwawa la Pongolapoort kwenye mto Phongolo, wakulima na wavuvi waliunda kamati zao miaka ya 1980 wakakaa na wenye bwawa kupanga maji yafunguliwe lini. Nasi tupange mafuriko ya makusudi kila mwaka ambao mvua inaruhusu, na tarehe zake zibandikwe kwenye ofisi za vijiji, kuanzia Mloka, kijiji cha karibu na bwawa, hadi delta, kabla mpunga haujasiwa. Yakibadilika, simu zipo, vipaza sauti vya misikiti vipo. Najua maji yanayopita pembeni ya mitambo ni umeme usiouzwa. Ni gharama, na kwangu mimi ni ya haki, maana waliokuwa wakiyatumia maji hayo hawakuwahi kuyauza kwa mtu.

Zamani mjomba alikuwa akisubiri salamu kutoka kwa ndugu wa kule juu: maji yamefika kwenye mkwaju, yamepita mkwaju. Siku hizi anampigia simu shemeji yake wa Mloka, naye anajibu kwamba mto anauona lakini hajui kesho utakuwaje. Msimu huu mjomba amesia nusu ya shamba. Nusu ya pili ameiacha na majani yake, na mbegu zimo ndani ya kiroba, zimening'inizwa juu ya meko.