Mzee, Hilo Jiwe Liache

Mimi ambaye tone la kwanza la mvua likidondoka huwa wa kwanza kukimbilia barazani, leo nimevaa helmeti, glavu na koti la mvua, nikaifuata mvua hiyo hiyo uwanjani kwa hiari yangu. Kisa ni juma lililopita, nilipokanyaga breki ya nyuma ya pikipiki kwa hofu kwenye lami iliyolowa, tairi likajifunga, likaanza kunipita ubavuni kana kwamba lina safari yake binafsi. Sikuanguka, ila heshima yangu ilianguka.

Hata hivyo, tangu nilipoazimia kufanya mazoezi ya kufunga breki mvuani, jua liliwaka siku tisa mfululizo, na mawingu yalikumbuka kazi yao siku niliyoiosha pikipiki ikang'aa. Nilingoja robo saa nzima ili uwanja ukoshwe, kwa sababu matone ya mwanzo huinua mafuta na vumbi na kuifanya lami iteleze kama sabuni, kisha nikaweka jiwe langu la alama: nikilifikia nabana breki, nikisimama nashuka kuhesabu hatua.

Kwa maneno, jambo hili ni jepesi. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa kuwa unapopunguza mwendo uzito huhamia mbele, na mvuani inatakiwa ibanwe polepole, kama mtu anayekamua ndimu asiyetaka mbegu zidondokee kwenye mchuzi. Tatizo ni vidole vyangu, ambavyo havijawahi kukamua kitu polepole tangu vizaliwe. Safari ya kwanza, diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na breki, ilikuwa imelowa, nikabana nisione badiliko lolote. Nikaogopa, nikaongeza nguvu, na papo hapo pedi za breki zikamaliza kufuta maji, zikauma zote kwa pamoja. Gurudumu la mbele likateleza. Akili ikasema achia, vidole vikajibu kwamba suala hilo litajadiliwa baadaye. Nashukuru nilikuwa kwenye mwendo wa kilomita 20 kwa saa na pikipiki ilikuwa imenyooka wima, maana kwenye kona mjadala huo ungemalizikia chini.

Nilipofika mwendo wa kilomita 40 kwa saa, hatua zilikuwa karibu mara nne ya zile za 20. Hesabu hiyo ya mwendo kuzidi mara mbili na umbali wa kufunga breki kuzidi mara nne nilifundishwa darasani, nikaisahau kwa makusudi.

Muda wote huo mzee mmoja mwenye mwavuli alikuwa akinitazama. Mara ya sita akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, umedondosha nini?"

"Shikamoo, mzee. Sijadondosha kitu, najifunza kusimama."

Aliniangalia kwa huruma ambayo watu huwawekea wagonjwa. Nikarudi mwanzo, nikainua macho mbali badala ya kulitazama tairi, nikabana kwa upole, nikaongeza kidogo kidogo, na pikipiki ikatulia kama mtoto aliyeshiba. Nilijua kabisa kwamba hiyo ndiyo bora kuliko zote! Nikashuka kwa furaha ili nihesabu hatua.

Jiwe halikuwepo. Mzee alikuwa amelishika mkononi, anatabasamu.

"Nimeshakuondolea, mwanangu. Niliona kila ukilifikia unashtuka."