Ile Ilikuwa Aproni, Si Taulo

Najua mmeshasikia. Yule rafiki yangu asiyeweza kukaa na neno ameshairusha kwenye kila grupu tulilomo mimi na yeye, na mengine ambayo mimi simo. Kwa maelezo yake nimelipua nyumba, nikatoka mbio na taulo, nikalia getini. Nyumba ipo, hata kioo hakijapasuka. Na ile ilikuwa aproni. Chini yake nilivaa bukta, ila ukinitazama kwa mbele huioni, na yeye picha alinipiga kwa mbele. La kulia silizungumzii.

Sasa msikilizeni mwenye nyusi zake. Aliyekuwa na nyusi zake.

Jiko lenyewe mnalijua, niliwachosha nalo kwa mapicha. Lile la kuzamishwa kwenye kaunta, plate mbili kushoto, mbili kulia, katikati bamba la chuma la kuchomea chapati na mayai. Mama mkwe kaja kutoka Tanga, mke wangu kaenda sokoni, nikasema leo mama apumzike, chapati nachoma mimi. Mama mkwe wa Tanga, jamani! Akavuta stuli akakaa karibu na mlango, akaniangalia nikipigana na donge lililokataa kuwa duara. Hakusema kitu. Ule ukimya wake ndio ulionifanya nianze kutoa mhadhara.

Nikamwambia, mama, gesi hii ya mtungi ni propani na butani, nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, inalala chini inakusubiri. Yenyewe haina harufu kabisa. Ule uvundo wa yai viza wanautia makusudi ili pua ikushtue. Nikamwonyesha na kile kijiti kidogo kinachokaa pembeni ya moto wa plate: kinasikilizia joto, moto ukizimika kinapoa na gesi inafungwa yenyewe. Ndiyo maana ukiwasha lazima uendelee kukandamiza swichi kwa sekunde kadhaa mpaka kijiti kipate moto, ukiachia mapema unaanza upya. Yote haya alinielekeza fundi. Mama akasema, "Haya, mwanangu."

Nikafunga dirisha ili upepo usisumbue moto. Nikakandamiza swichi ya bamba, nikazungusha. Kwa kawaida hapo unasikia tik-tik-tik, cheche zinaruka. Kimya. Nikakandamiza kwa nguvu zaidi.

"Umeme umekatika, mwanangu. Feni imesimama."

"Hili la gesi, mama, halihitaji umeme."

Nyie mnaotaka kuniandikia kwamba cheche ndizo zinazotumia umeme, nimeshaambiwa. Nimeambiwa na mke wangu, na fundi, na mtoto wa jirani wa darasa la nne.

Twendeni taratibu hapa. Mkono wa kushoto umekandamiza swichi, gesi inatoka ssssss. Mkono wa kulia unapapasa mfuko wa bukta kutafuta kiberiti cha gesi, kile cha kwa Mangi. Bukta iko chini ya aproni, aproni nimeikaza kwa nyuma kama nakwenda vitani. Napapasa. Ssssss. Ningeachia tu swichi, gesi ingekatika palepale na saa hizi tungekuwa tunazungumza mpira. Lakini fundi alisema usiachie. Sikuachia.

"Mwanangu, mbona inanuka?"

Nikageuka. Nikatabasamu. Kwa mdomo huu huu ninaolia ugali, nikamjibu: "Ndiyo harufu yenyewe ya usalama hiyo, mama."

Kiberiti kikapatikana. Chini ya bamba kuna kitundu cha kuchungulia moto, ukubwa wake kifungo cha shati. Nikainama hadi pua ikakaribia chuma, jicho moja kwenye kitundu. Kwich. Hakikuwaka. Kwa pembeni nikamwona mama anainuka kwenye stuli, kanga anaipandisha begani, anarudi nyuma polepole. Kwich. Cheche tu. Nikakitikisa, nikakipuliza, nikakibembeleza, mkono wa kushoto bado uko kazini. Kwich.

VUUUP!

Siyo bumu. Watu wote wanasema bumu. Ni vup, pana, ya bluu, iliyotoka kwenye kitundu, kwenye kingo zote nne za bamba, na kwenye nafasi nyingine ambazo sikujua jiko linazo. Bamba likaruka kidogo, likarudi mahali pake, kling. Nikazisikia nywele za mbele zikisema chrrrr. Halafu ikaja harufu ya kubabua kichwa cha mbuzi, na nawaapia kwa sekunde moja nzima nilijiuliza nani anababua mbuzi asubuhi yote hii.

Linalofuata rafiki yangu halijui, na ningekufa nalo, ila mama mwenyewe ameshaanza kulisimulia, bora mlipate kwangu. Mlango wa jikoni kwetu hautoshi watu wawili. Nilimpita. Mama mkwe wangu, mama wa mke wangu, nilimsogeza kwa kiwiko nikapita. Kituo changu kikawa getini, na getini ndiko alikokuwa anaingia yule mbeya, kaja kwa ajili ya chapati, simu mkononi.

Huku nyuma kitabu cha maelekezo, kilichokuwa kando ya jiko bado kimo kwenye nailoni yake, kilishika moto. Mama akakizima kwa kitambaa kibichi cha vyombo, akafungua kabati la chini ya sinki akafunga regulata, akafungua dirisha. Nilipopata ujasiri wa kurudi alikuwa na swali moja tu: "Mkaa mnaweka wapi?"

Mengine mafupi. Uso mzima, ngozi iliwasha siku hiyo tu. Ndevu nimenyoa zote maana upande mmoja haukuwepo. Kazini nimekwenda na nyusi za wanja, mke wangu kazichora akiwa anacheka, ya kushoto ikawa juu kuliko ya kulia, bosi akaniuliza mara mbili kama nina swali. Jiko nalo zima, mwulizaji wa bei, siuzi.

Mama alikuwa aondoke Jumatano, sasa anasema haondoki. Jana nimemkuta sebuleni anaongea na dada zake wa Tanga, simu kaiweka spika, vicheko hadi barabarani. Kufika pale kwenye harufu akaniona nimesimama mlangoni.

"Haya, huyu hapa," akawaambia. "Mwanangu, hebu njoo uwaeleze mama zako. Mimi hayo ya kitaalamu nitayakosea."