Ardhi iliyolala stesheni ya Mbeya: nyumba, maduka au mzigo?

Siku ya treni, nje ya stesheni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, hapa Mbeya panachangamka mapema. Bajaji zinajipanga, mama ntilie wanapuliza mkaa, vijana wa kubeba mizigo wanasogea getini wamejikunyata ndani ya makoti. Treni ikishapita na abiria wakishatawanyika, panabaki upepo. Nilipita pale siku isiyo ya treni. Mbuzi wawili walikuwa wanakula majani kwenye ardhi tambarare ya reli, kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma, ndani ya jiji ambalo kiwanja tambarare kinatafutwa kama dawa.

Ardhi hiyo ndiyo gumzo sasa. Septemba 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya China, CCECC, wa kuifufua na kuiendesha reli hii, kwa uwekezaji wa dola za Marekani bilioni 1.4. Kila penye habari ya reli kufufuka, hazipiti siku nyingi mtu akauliza: na yale maeneo yaliyobaki pembeni, mnayafanyia nini? Wapo wanaotaka yajengwe maghorofa, hoteli na maduka kama miji ya wenzetu inavyofanya kwenye stesheni za treni nyepesi, zile za kubeba abiria ndani ya mji. Wapo wanaosema yasiguswe. Mimi nasema tujenge, lakini tukiiga treni nyepesi bila kuwa na treni nyepesi tutapoteza kitu ambacho hakirudi.

Wanaotaka ujenzi wana hoja nzito, na si haki kuwaona wote kuwa madalali. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 jijini Mbeya. Ya 2022 ilihesabu 541,603. Mji umebanwa na milima, umejinyoosha kwenye barabara moja kutoka Uyole hadi karibu na Mbalizi, na kila anayetafuta kiwanja nafuu anapanda mlimani, ambako maji na barabara vinamfuata miaka kumi baadaye kama vinamfuata. Kuacha ardhi tambarare, yenye barabara mlangoni, iote majani ni gharama ambayo watu wanailipa kwa miguu kila siku. Tena ardhi isiyotumika hailindiki. Leo kibanda, kesho msingi wa tofali, keshokutwa kesi mahakamani.

Halafu kuna hoja ya fedha. Hong Kong wanasifiwa kwa jambo hili, na sifa wanastahili. Serikali yao huipa kampuni ya reli, MTR, haki ya kujenga juu na kando ya stesheni kwa bei ya ardhi ya kabla ya reli kufika. Reli ikifika bei inapanda, na ile tofauti inasaidia kulipia reli yenyewe. Mwananchi aliyeifanya ardhi iwe ghali kwa kodi yake anarudishiwa kwa njia ya usafiri. Ni mpango mzuri kabisa.

Lakini tuangalie bei ile inapandishwa na nini. Haipandishwi na jengo la stesheni wala na vyuma vilivyolazwa chini. Inapandishwa na treni inayokuja kila baada ya dakika chache, tangu alfajiri hadi usiku, kiasi kwamba mtu anakubali kulipa kodi kubwa ya nyumba kwa sababu ameachana na foleni. Addis Ababa ilizindua treni nyepesi mwaka 2015, njia mbili zenye urefu wa kilomita kama 34, kwa dola milioni 475, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka China. Baada ya miaka michache treni nyingi zilikuwa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri. Treni zikipungua njiani, kuishi karibu na stesheni kunabaki kuwa kuishi karibu na ukuta.

Treni ya abiria ya TAZARA inahesabiwa kwa siku za wiki. Kwa hiyo atakayenunua fleti pale atakuwa ananunua barabara kuu. Reli haitakuwa imeongeza thamani yoyote ya kuvunwa, itakuwa imeuza shamba lake mara moja tu, ikala fedha, ikabaki bila shamba.

Thamani ya stesheni hii, kwa macho yangu, ni mzigo. Nenda kwenye magulio ya barabara ya Tukuyu ujionee gunia la viazi la lumbesa linavyopandishwa lori, wanaume wanne wakilisukuma kwa mabega, mkulima amesimama pembeni akijua kwamba bei imeshapangwa na mwenye lori. Ongeza parachichi za Rungwe na Njombe, ambazo zikichelewa jua linazimaliza. Ongeza mchele wa Usangu, mahindi ya Makambako, na mbolea inayopanda kutoka bandarini kabla ya mvua. Mazao haya yote yanabanana kwenye barabara moja na malori ya Zambia na Kongo. Ili yapande treni, kinachohitajika kwanza ni eneo: pa kugeuzia lori, pa kupangia makontena, ghala, chumba cha baridi chenye umeme wa uhakika. Eneo hilo tunalo, na lipo ubavuni mwa reli. Ukishapanga nyumba pale, wakazi watalalamikia kelele za mabehewa usiku, na watakuwa na haki, na hakuna diwani atakayewabomolea wapiga kura wake ili aweke makontena.

Najua jibu la upande wa pili, na linaniuma kwa sababu lina ukweli. Reli hii ilijengwa kwa ajili ya tani milioni 2 kwa mwaka na haijawahi kuzifikisha. Tumekuwa tukisema "mzigo unakuja" tangu 1976. Je, tuache ardhi ilale miaka mingine 50 kwa kusubiri viazi?

Hapana. Ndiyo maana sisemi isiguswe. Ukanda unaotazama barabara kuu upangishwe hata mwaka huu, kwa mikataba mifupi na kwa majengo mepesi, ardhi ibaki mikononi mwa reli. Ukanda wa ndani, unaogusa njia za treni, uwekewe alama ya mzigo kwenye mchoro wa mipango miji na usibadilishwe matumizi kimyakimya. Na kabla ya ghorofa hata moja, ijaribiwe treni ya mjini ya asubuhi na jioni, Uyole hadi Mbalizi, kwa reli iliyopo. Dar es Salaam ilifanya hivyo mwaka 2012, ikapitisha abiria wa mjini kwenye reli za zamani, mojawapo ikiwa hii hii ya TAZARA. Abiria wakijaa, hapo hoja ya Hong Kong itakuwa na miguu, na nitakuwa wa kwanza kuiunga mkono.

Kuna watu ambao kila mpango huwapita. Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006. Lilipojengwa upya likawa jengo la kupendeza lililojengwa kwa mkopo wa benki, na mkopo hulipwa kwa kodi ya pango. Wachuuzi wengi walishindwa kodi, wakabaki nje huku vizimba vikiwa vitupu. Sheria yetu ya fidia inahesabu ardhi, jengo, posho ya usumbufu, usafiri, hata faida iliyopotea, na fidia ikichelewa kulipwa zaidi ya miezi 6 riba inaanza kuhesabika. Lakini yule mama anayeuza chai na maandazi kando ya uzio wa stesheni hana kiwanja wala hati, hivyo kwenye jedwali la fidia hayumo. Kodi ya vizimba vya mbele ya stesheni ipangwe kwa kuanzia na kile anachoweza kulipa yeye kwa siku, ndipo mwekezaji apigiwe hesabu yake.

Reli ni ya nchi mbili, nusu kwa nusu, na jiji lina mipango yake. Kwa hiyo ramani ya maeneo yote yanayoitwa ya ziada, pamoja na masharti ya kila mpangaji, ibandikwe kwenye ofisi za kata zinazopakana na reli kabla ya mkataba wowote wa ardhi kutiwa saini, na mkutano wa hadhara uitishwe siku isiyo ya treni, ili wanaofanya kazi pale stesheni waweze kuhudhuria.