Papa, Kaza Magoti!

Mayai 30 yalitoka soko la Virunga, hapa Goma, Kongo, yakiwa mayai. Nyumbani yamefika 11. Yale 19 mengine ninayo pia, sikatai, ila ninayo kwenye suruali. Na si suruali yoyote: ni ile ya harusi, ya kilio, na ya kwenda shuleni mkurugenzi akiniita kwa ajili ya yule mtoto wangu wa nne.

Motari, yule wa pikipiki aliyenibeba, nilimwonya mapema, tena kwa sauti ya mtu mzima. "Kijana, nimebeba mayai. Twende kama tunasindikiza maiti."

Akanijibu bila kugeuka: "Papa, hakuna shida. Kaza magoti tu."

Kaza magoti! Mimi, miaka 42, baba wa watoto 6, mjumbe wa kamati ya maji ya avenyu yetu (kamati ipo, maji ndiyo bado), naambiwa na mtoto wa juzi nikaze magoti. Nikakaza. Tukaiacha lami, tukaingia kwenye makoro, yale mawe ya volkeno. Koro la kwanza tuliliruka. La pili likaturuka sisi. Kufika la tatu nikasikia kitu cha moto kinashuka pajani, nikajiuliza kama ni damu, nikaomba iwe damu, maana damu hailipiwi.

Tulipofika akaniangalia, akaiangalia suruali, akasema, "Papa, pole. Ni franga 2,000." Nikampa noti ya dola 5. Akaiinua kwenye jua kama daktari anayesoma picha ya mapafu. "Papa, hii imepasuka." Imepasuka wapi? Kuna kamkato pembeni, kadogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga! Mayai yangu 19 yamepasuka na hakuna aliyeyainua kwenye jua. Ikabidi nikakope franga kwa mama wa makala, yule muuza mkaa, ambaye sasa anajua habari zangu zote, na kabla ya saa sita avenyu nzima itakuwa inazijua.

Lakini kilichonichoma zaidi si mayai. Ni kwamba jana tu usiku nimewaona watu wakipewa sifa kwa jambo hilohilo.

Habari za umeme tuziache. Umeme wetu ulikuja juzi saa nane ya usiku, ukatusalimia, ukaondoka. Kwa hiyo jana nilikuwa kwa jirani mwenye paneli za jua, yule anayetoza franga 500 kuchaji simu na kukuangalia kama umemwomba figo. Tulingoja mpira. Mtoto wake akakalia rimoti, ikatokea idhaa ya Kifaransa, na kwenye idhaa hiyo mlima mweupe kama unga wa muhogo. Na mlima wote umejaa matuta! Matuta kama ya viazi kule Kibumba, yamepangwa kutoka juu hadi chini, hakuna fasi ya kuweka mguu.

Akatokea mtu juu, mbao mbili miguuni, fimbo mbili mikononi. Nikasema huyu amepotea, wamsaidie. Hakupotea. Akajitupa kwenye matuta hayo kwa hiari yake, tak-tak-tak-tak, magoti yanampanda mpaka karibu na kidevu na kushuka, lakini kifua na kichwa vimetulia kama vya shemasi. Njiani wamemwekea vilima viwili vya kurukia. Anapaa, anajipindua hewani, anaangukia matuta mengine, anaendelea. Mita 250 hivi, na hata nusu dakika haijaisha.

Mtangazaji akaeleza kwamba huo ni mchezo wa kuteleza kwenye theluji yenye matuta, unaitwa mogul, nami nikamtafsiria jirani, maana jirani ana paneli lakini Kifaransa chake kiliishia shule ya msingi. Katika pointi 100, 60 ni za namna unavyokata kona kwenye matuta, 20 ni za kuruka, na 20 tu ni za mbio. Yaani unaweza kufika wa kwanza ukashindwa. Waamuzi watano wanakodolea kona, wawili wanakodolea miruko. Na magoti ni lazima yawe pamoja, yamekazwa, yasiachane. Ndiyo maana wachezaji wanavaa suruali zenye viraka vya rangi nyingine magotini, ili mwamuzi ayaone vizuri kutoka chini.

Viraka magotini! Mimi nilisoma shule nzima na viraka magotini, tena vya rangi nyingine kwa sababu rangi ile haikupatikana, na hakuna aliyeniita mwanamichezo.

Jirani akauliza nani amelima matuta yale. Swali zuri, kwa mara ya kwanza. Kumbe kwenye milima yao yanajitokeza yenyewe, kila mtu anakata kona palepale alipokata mwenzake, theluji inasukumwa, inajilundika. Lakini kwa mashindano wanayatengeneza, kwa mashine na kwa majembe. Mtu ana mteremko laini, hauna dosari, analipa mashine iuharibu! Huku kwetu kazi hiyo inafanywa bure na malori na mvua, na hatujawahi hata kuwashukuru.

Na si mchezo wa vijiweni. Tangu 1992, kule Albertville, Ufaransa, unatolewa medali ya Olimpiki, na mwanaume wa kwanza kuichukua dhahabu alikuwa Mfaransa wao, Edgar Grospiron. Mwaka 2018 kule Korea Kusini akaichukua Mkanada, Mikaël Kingsbury. Halafu mwaka 2026 kule Italia wakaongeza medali nyingine, ya kushuka wawili wawili, sambamba, kila mmoja na matuta yake.

Hapo nikasimama. Nilisimama kweli, mpaka jirani akadhani naondoka akafurahi. Wawili wawili wameanza 2026? Sisi tulishuka wawili wawili mwaka 2003!

Mlima Nyiragongo ulikuwa umetumwagia moto Januari 2002, ukapita Munigi, ukakata uwanja wa ndege, ukapasua mji katikati mpaka ziwani. Siku zile tunazijua, tusirudi huko. Lakini ulipopoa, ukatuachia kati ya Munigi na Majengo mteremko ambao mashine zote za Albertville zisingeweza kuutengeneza. Koro juu ya koro. Mbuzi wenyewe walipita wakiomba.

Mimi nilikuwa na miaka 19 na chukudu ya mkaratusi, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, mali ya mjomba. Sisi wa Majengo tulishusha mashu, yaani kabichi, na viazi vya Kibumba. Wale wa Ndosho walileta maharagwe na jibini za Masisi kwa njia ya Sake, na walijiona. Njia yao ndiyo njia, magurudumu yao ndiyo magurudumu. Siku moja, kwenye kasiksi, pombe yetu ya ndizi, mmoja wao akasema mteremko wetu ni wa kusukumia watoto. Tulimwita Freni, kwa sababu hakuwa nayo. Chupa zikasimama hewani. Tukapatana: Jumapili baada ya misa, watu watano kwa watano, wawili wawili, kila chukudu na mashu 20 bila kamba. Shu likianguka, pointi imeanguka. Watakaoshindwa watatoa mbuzi, na ili kuepusha maneno, mbuzi akanunuliwa kwanza kwa mchango wa pande zote, tugombane baadaye.

Waamuzi walikuwa watatu. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye hakuwa na upande kwa sababu alitudai wote. Mama wa mandazi, kwa sababu alikuwa palepale. Na katekista, wa kuangalia adabu. Mwalimu alisema atatoa alama kwa 20, kama mtihani wa hesabu, na tangu aanze kufundisha hakuwahi kumpa mtu zaidi ya 12.

Usiku wa Jumamosi nilipaka ekseli yangu mawese. Nilikwapua nusu kopo la mama, Mungu amrehemu, na nikamsingizia dada. Gurudumu la mbao lilizunguka bila hata kunong'ona. Sikufikiria kwamba mawese yana harufu, na harufu ina wenyewe.

Mpaka jozi ya nne tulikuwa tumefungana, mbili kwa mbili. Ikabaki mimi na Freni. Tukapiga goti, kila mmoja goti moja juu ya kipande cha sandali pale kwenye ubao, mguu mwingine chini tayari kusukuma. Mwalimu akapeleka filimbi mdomoni. Filimbi haikulia, alikuwa na mandazi. Akakohoa. Freni akasema kukohoa ni ishara, akaondoka.

Nikamfuata. Koro la kwanza, mashu mawili kwaheri. La pili, meno yakagongana mpaka nikaona nyota saa sita mchana. Nikasikia watu wanapiga kelele, nikadhani wananishangilia, nikainua mkono kuwapungia. Walikuwa wananionyesha mbwa. Mbwa wa mtu, mwekundu, mkubwa, alikuwa amenusa mawese na anakuja nyuma yangu, ulimi nje, shabaha yake ekseli. Basi nikagundua mwendo ambao sikujua ninao. Chukudu inaruka, mimi naruka, mashu yanaruka, mbwa anaruka mashu. Mwalimu kule chini anapiga kelele, "Magoti! Angalia magoti!" sijui ananisema mimi au mbwa.

Tulimkaribia Freni pale njia inapojikunja. Akageuka, akamwona mbwa kabla ya kuniona mimi, na hapo akakumbuka jina lake. Akakanyaga kile kipande cha tairi kinachobana gurudumu la nyuma. Kipande kikatoka kizima kizima, kikampita yeye mwenyewe, kikafika kabla yetu sote.

Mwisho wa njia, mtu mwenye akili alikuwa amemfunga mbuzi wa zawadi katikati kabisa, ili watu waone wazi pa kuishia. Freni akaichukua kamba kwa kifua. Kamba ikakatika, au kigingi kiling'oka, hilo bado tunabishana. Mbuzi akaruka akaangukia kwenye chukudu yangu, fasi ya mashu, maana mashu yalikuwa yamebaki matatu. Tukavuka mstari wote pamoja, mimi, mbuzi, na mbwa ambaye sasa alikuwa ameahirisha mawese. Freni hakuvuka. Freni aliendelea. Alipita Majengo, akapita watu waliokuwa wanatoka ibada ya pili, akasimamishwa na kibanda cha ndizi ambacho tulilipa kwa miezi miwili.

Waamuzi wakakaa chini ya mwavuli wa mandazi muda mrefu kuliko misa yenyewe. Katekista alisema hakuona adabu popote. Mimi nikapewa 9. Freni akapewa 8 na nusu, nusu ni ya huruma. Mbuzi akapewa 14. Alishuka bila kupotea njia, alitua bila kuyumba, na magoti yake, Mwalimu alisema, yalikuwa pamoja.

Tulipogeuka kumchukua huyo bingwa, hayupo. Mpaka leo. Ndosho wanasema aliliwa Majengo. Sisi tunajua alikoliwa. Jioni ile tukaokota mashu yote, mazima na yaliyopasuka, tukayapika kwenye sufuria moja kubwa ya mama wa mandazi, Majengo na Ndosho tumekaa juu ya makoro yaleyale, bila nyama, maana nyama ilikuwa imekimbia. Freni alikula na mkono mmoja, mwingine ulikuwa umefungwa kwa kanga ya dada yangu. Nikaiangalia kanga ile. Sikusema kitu. Sasa ni shemeji.

Na huyo shemeji, miaka 23 imepita, kila tukikutana kwenye kilio ananiambia, "Muramu, mguu wangu wa mbuzi uko wapi?" Mbele ya wafiwa! Namjibu nami nangoja mahari iliyobaki, tunyamaziane.

Jana nilimwambia jirani habari hizi zote. Akauliza kama tulipata medali. Nikamwonyesha goti la kushoto, lile la kwenye sandali, linalotangaza mvua siku mbili kabla. Duka la dawa wamenipa vidonge, wanasema nimeze baada ya kula chakula kizuri. Nikawauliza chakula kizuri mnauza franga ngapi, wakaniangalia kama jirani.

Basi leo chakula kizuri kipo, maana mama watoto ameichukua plato ya mayai, amechuja kilichochujika, maganda huku, mayai kule, sufuria iko tayari. Mafuta hakuna. Nimemtuma mtoto wa nne dukani na ile noti ya dola 5. Amerudi nayo. Wanasema imepasuka. Nimemtuma tena, nimemwambia aikunje pale pembeni na akimbie. Sasa namwona kule mwisho wa avenyu anashuka na kichupa mkononi, anaruka makoro, na hakuna hata mmoja hapa aliyemfundisha kukaza magoti.