Na yule mwingine, yeye ana nani?

Tuliitazama Bros tukiwa watatu, katika chumba cha kupanga huku Mwanga, Kigoma mjini. Kompyuta tuliiweka juu ya ndoo iliyofunikwa, khanga tukaining'iniza dirishani, sauti tukaipunguza. Mmoja wetu alitafsiri Kiingereza papo hapo, kwa ile sauti nzito ya wanaotafsiri sinema za mabanda ya video. Mwenzetu fundi cherehani alikuwa anashona vifungo vya sare za shule huku akitazama. Katikati ya filamu akasimamisha sindano, akanyoosha kidole kwenye kioo: "Na yule mwingine, yeye ana nani?"

Wiki nzima swali hilo halijanitoka.

Kwa asiyeijua, Bros ni komedi ya mapenzi ya Marekani iliyotoka Septemba 2022. Billy Eichner aliiandika pamoja na mwongozaji wake, Nicholas Stoller, kisha akacheza yeye mwenyewe kama Bobby, mwanaume wa New York anayehangaika kufungua jumba la makumbusho la historia ya mashoga na wenzao. Bobby anampenda Aaron, ambaye ni Luke Macfarlane, mwanasheria wa mirathi mwenye kifua cha mazoezi. Studio kubwa ya Universal iliitoa kwenye majumba ya sinema nchi nzima kwa matangazo mengi, na karibu waigizaji wote wakuu ni watu wanaojulikana hadharani kuwa si wa mapenzi ya mume na mke. Bajeti yake ilikuwa kama dola milioni 22. Wikiendi ya kwanza kule kwao iliingiza chini ya milioni 5, na Eichner akalalamika kwamba watazamaji wasio mashoga hawakujitokeza. Chuki ipo, sibishi. Ila tiketi si deni. Hata mwenye banda la video Ujiji anajua mteja haji kwa kulaumiwa.

Kinachoitetea filamu hii kipo, tena si kidogo. Kuna sehemu wako ufukweni, Bobby anamweleza Aaron jinsi alivyoambiwa tangu ujana ajipunguze: sauti yake, mikono yake, namna yake ya kuongea. Mtafsiri wetu alinyamaza pale, hakuhitajika. Nani kati yetu hakuambiwa "ongea kiume" na mjomba, na mwalimu, na kondakta wa daladala? Sasa mwenye sauti ile ile ndiye anayebusiwa mwisho wa sinema, wala hafi, wala haugui, wala hatubu. Mtu aliyekua akiona wenzake wanakufa kwenye kila hadithi hawezi kulidharau hilo. Na ni kweli pia kwamba anayetangulia hubebeshwa mizigo ya wote, kila mtu akitaka ajione humo. Komedi za mapenzi ya mume na mke zimetoka kwa mamia, na nyingi ni mbovu, lakini hakuna aliyesema ubovu wao ni aibu ya kila mwanaume aliyeoa.

Hayo yote nayakubali, na bado filamu imenivunja moyo.

Yule aliyeonyeshwa kwa kidole na fundi alikuwa mmoja wa wajumbe wa bodi ya makumbusho. Wamekaa mezani, weusi na weupe, waliobadili jinsia, mwanamke anayependa wanawake, mwanaume anayependa wanaume na wanawake, na kazi yao ni kugombana ili tucheke. Tunarudi kwenye meza ile mara kwa mara, wanapigizana kelele, kisha kamera inaondoka, na wao hawajapata hata jioni moja ya kwao. Mapenzi yenye nafasi ya kupumua ni ya wanaume wawili weupe wenye fedha. Tena Bobby anawalalamikia wanaume wanaoabudu misuli, halafu hadithi inamtunuku yeye mpenzi mwenye misuli kuliko wote.

Sisi meza ile tunaifahamu. Kwenye vichekesho vya Bongo yupo siku zote, mwanaume wa kumwita "anti", amejifunga khanga, anabana pua, kazi yake kusuka nywele na kupeleka umbea. Hana mama, hana kodi ya nyumba, hana anayemsubiri arudi. Akishachekwa ametimiza kazi yake. (Neno lenyewe, shoga, wanawake wa pwani wanaitana kwa upendo, maana yake rafiki wa ndani kabisa. Likihamia kwa mwanaume linakuwa jiwe.) Nilitarajia filamu iliyoandikwa na mmoja wetu ingemtoa mtu huyo kwenye kicheko na kumpa mlango wake na ufunguo wake. Ikamtoa mmoja, wengine ikawaacha palepale.

Mtu atasema namdai Mmarekani kisichomhusu, kwamba New York haiwezi kuisemea Kigoma. Ni kweli. Simdai migebuka wala reli ya kati. Lakini hapa sheria, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, inataka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa wanaume wanaolala pamoja, hivyo filamu za kwetu hatuna, tunaishi kwa za wenzetu. Wakenya walijaribu. Filamu iitwayo Rafiki, ya mwongozaji Wanuri Kahiu, ilifika tamasha la filamu la Cannes mwaka 2018 huku nyumbani imepigwa marufuku, mpaka mahakama ikairuhusu kwa siku saba tu. Ina mabinti wawili, duka la baba, mpira wa mtaani, mama mwenye umbea. Ni ndogo kuliko Bros kwa kila kipimo cha fedha, na haisemi kwa niaba ya yeyote. Ndiyo maana niliwaamini wale mabinti.

Usiku ule fundi hakungoja filamu iishe. Alikata uzi kwa meno, akamwigiza mtafsiri wetu, akaanza kumpangia yule wa mezani maisha: kashuka stesheni na begi moja, kapokewa na fundi wa injini za boti wa Kibirizi, mikono ina grisi, hajui aanzie wapi salamu. Tulifunga kompyuta tukamsikiliza.